Bunduki ya wenzo ya kaliba .22

Bunduki ya wenzo ya kaliba .22 ni bunduki nyepesi ya mtutu mmoja ambayo mpigaji huiingizia risasi mpya kwa kushusha na kupandisha mshikio wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Mshikio huo ndio unaoitwa wenzo, na kwa kawaida una umbo la pete ndefu ambamo vidole vitatu huingia. Kipenyo cha risasi yake ni inchi 0.22, yaani milimita 5.6 hivi, na mshtuko wake begani ni mdogo sana. Hutumiwa kulenga shabaha, kufundishia wanaoanza na kuwinda wanyama wadogo.

Nchini Marekani ni mojawapo ya bunduki za kwanza ambazo watu wengi hujifunzia. Nchini Tanzania ni adimu. Mkazi wa Ilala, katikati ya jiji la Dar es Salaam, huwa ameiona zaidi katika filamu za makauboi kuliko mkononi mwa mtu. Anayetaka kuijua kabla ya kuitafuta anahitaji kuelewa mambo matatu: namna inavyofanya kazi, ipi inamfaa asiyewahi kupiga risasi, na masharti yaliyopo kabla ya mtu kuimiliki. Bei iliyoandikwa kwenye bunduki yenyewe ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo.

Istilahi

Neno wenzo ni lilelile la somo la fizikia: mtaimbo unaogeukia kwenye egemeo ili nguvu ndogo isogeze kitu kigumu. Katika bunduki hii egemeo ni pini au skrubu iliyo karibu na kifyatulio.

Kiswahili kina msamiati wa bunduki wa tangu enzi za biashara ya majahazi. Gumegume ni bunduki ya kale iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Fataki ni kidonge kinacholipuka kikigongwa, nacho kilichukua nafasi ya jiwe katika karne ya 19. Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, na mafundi wa vijijini wameendelea kuitengeneza hadi zama zetu. Marisau ni chembe ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja katika bunduki ya kupigia ndege. Neno risasi lenyewe lina maana mbili, yaani kile kinachopigwa na madini laini ya kijivu yanayotengenezea kichwa chake. Kwa upande wa .22 maana zote mbili ni sahihi, kwa kuwa kichwa chake hadi leo hutengenezwa hasa kwa madini hayo.

Namna inavyofanya kazi

Risasi kamili ina ganda, baruti, fataki na kichwa. Katika risasi nyingi za kisasa fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda kama kifungo kidogo. Risasi ya .22 haina kifungo hicho. Unga wa fataki umesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo ya bunduki husukuma pini inayouponda ukingo huo. Ili ukingo uweze kupondeka, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili msukumo mkubwa wa gesi. Hii ndiyo sababu mtindo huu umebaki kwa risasi ndogo, na ndiyo sababu risasi hizo ni rahisi kutengeneza na huuzwa kwa bei ya chini. Kasoro yake ni kwamba unga ukikosa kuenea sawasawa ukingoni, risasi inaweza kugoma. Ganda lililokwisha kutumika hutupwa, kwa kuwa kulijaza tena si kazi ya kawaida.

Wenzo ukishushwa, mambo kadhaa hutokea kwa mkupuo mmoja: ganda tupu huvutwa na kurushwa nje, nyundo hurudishwa nyuma, na risasi mpya huinuliwa kutoka katika bomba lililolala chini ya mtutu. Wenzo ukipandishwa, risasi hiyo husukumwa ndani ya chemba na mlango wake kufungwa. Kuanzia hapo bunduki iko tayari kufyatuka. Anayeanza hufurahia mwendo huu na sauti yake, na ni haki kusema kwamba raha hiyo ndiyo inayoiuza bunduki hii kuliko sifa nyingine yoyote. Lakini mwendo huohuo huweka vidole vyote karibu na kifyatulio. Mwalimu mwangalifu hutumia muda mrefu kumzoeza mwanafunzi kuweka kidole cha shahada nje hadi shabaha iwe mbele ya macho yake.

Historia

Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo za fataki ya ukingoni mnamo mwaka 1845, kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya kumbi. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola iliyotumia risasi fupi ya .22. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki ya wenzo iliyobeba risasi kumi na kadhaa, nazo zilikuwa za fataki ya ukingoni, ingawa za kaliba kubwa ya .44. Kutoka kwake ilizaliwa Winchester ya mwaka 1866, maarufu kwa mwili wake wa rangi ya dhahabu.

Winchester ya mwaka 1873 ilitolewa kwa kaliba .22 kuanzia 1884. Risasi ya .22 ndefu, ambayo leo ndiyo ya kawaida duniani, ilianza mwaka 1887 katika kampuni ya Stevens. Miaka minne baadaye Marlin ilitoa bunduki ya wenzo iliyokubali urefu wote wa risasi za .22, na mfululizo wake ulifikia aina ya 39A mwaka 1939. Browning BL-22 ya mwaka 1969 hutengenezwa Japani; Winchester 9422 ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 2005. Henry H001, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997 ikitoka Brooklyn, New York, ilishusha bei na kuirudisha bunduki ya wenzo kwa watu wa kipato cha kawaida. Kampuni hiyo ilichukua jina la Benjamin Henry tu. Si kiwanda chake.

Katika Afrika ya Mashariki

Bunduki za wenzo zilifika pwani ya Waswahili mapema. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta David Livingstone, orodha ya silaha za msafara wake ilikuwa na Winchester moja na Henry moja, zote za risasi kumi na sita. Kwa kuwa Winchester ya 1873 ilikuwa bado haijatengenezwa, hiyo ya Stanley ilikuwa ya mtindo wa 1866, yenye fataki ya ukingoni kama .22 ya leo. Askari wa msafara huohuo walipewa gumegume. Pengo hilo kati ya bunduki ya kiongozi na za wabebaji linaeleza mengi kuhusu misafara ya wakati ule. Mwezi Agosti mwaka huo Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita vyao dhidi ya Mirambo, na upande wake ulishindwa: wingi wa risasi katika bunduki mbili haukuokoa kitu.

Biashara ya bunduki iliyopitia Zanzibar ilikua sana katika miaka ya 1880. Balozi mdogo wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu zilizoachwa na majeshi ya Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulilenga kuizuia biashara hiyo.

Bunduki ya wenzo iliyojulikana zaidi katika makoloni ya Uingereza haikuwa Winchester bali Martini, ambayo hubeba risasi moja tu na kufunguliwa kwa wenzo mrefu nyuma ya kifyatulio. Kampuni ya BSA ya Birmingham ilitengeneza Martini ndogo za kaliba .22 kwa ajili ya vilabu vya shabaha. Kwa maana kamili ya neno, hizo nazo ni bunduki za wenzo za .22, na kwa mafunzo huenda ni bora kuliko zile za kikauboi.

Majeshi yalichagua njia nyingine. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam inamwonyesha askari na bunduki yenye singe, nayo ni ya komeo, si ya wenzo. Askari aliyelala kifudifudi hana nafasi ya kushusha wenzo bila kuinua mwili. Aidha, katika bomba la chini ya mtutu risasi hupangana ncha kwa kitako, na ncha kali ikigonga fataki ya katikati ya risasi iliyo mbele yake inaweza kuilipua. Risasi ya .22 haina hatari hiyo, kwa sababu ncha yake ni butu na fataki iko ukingoni.

Kuchagua kwa anayeanza

Swali la kwanza ni kama bunduki inamtosha mtu. Kitako kirefu kupita kiasi humlazimisha mpigaji kujipinda kwa nyuma, na aliyejipinda hapigi shabaha. Njia rahisi ya kupima, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, ni kuiweka begani macho yakiwa yamefumbwa, kisha kuyafumbua: kilengeo kinapaswa kuwa mbele ya jicho bila kulitafuta kwa shingo. Henry H001 ina uzito wa kilo 2.4 hivi na BL-22 hukaribia hiyo. Marlin 39A hufika takriban kilo 3. Uzito ukizidi mkono huchoka, ukipungua sana mtutu hutetemeka. Kwa mtu mzima wa umbo la wastani zote tatu zinafaa. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ana nafuu hapa kuliko kwenye bunduki ya komeo, kwa kuwa wenzo hukaa katikati na hautambui mkono.

Kuhusu bei, H001 na Rossi Rio Bravo ya Brazili zimeuzwa Marekani katika miaka ya karibuni kwa dola 300 hadi 500 hivi. BL-22 mpya huwa juu ya hapo, na 39A ya zamani au 9422 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa ghali zaidi kwa sababu wakusanyaji huzigombania. Kifuniko cha mwili wa H001 ni cha aloi ya zinki iliyopakwa rangi, jambo ambalo wapenzi wa chuma hulilalamikia. Malalamiko hayo ni ya macho zaidi kuliko ya kazi, kwa kuwa msukumo wa .22 ni mdogo. Lenye uzito zaidi ni kwamba H001 ya kawaida haina kitufe cha usalama: mpigaji hutegemea nafasi ya nyundo yenyewe, na kuishusha nyundo juu ya risasi iliyo ndani kwa kidole gumba chenye jasho ni kazi isiyomfaa mwanafunzi. Ni salama zaidi kwake kutoa risasi zote kuliko kuishusha nyundo.

Bomba la risasi ndilo sehemu inayohitaji nidhamu kubwa. H001 hubeba risasi 15 za .22 ndefu, na hakuna dirisha la kuzihesabu. Mtu anaweza kuchomoa bomba la ndani, akaona risasi zimemwagika zote, na bado moja ikabaki kwenye kinyanyuo au ndani ya chemba. Ajali za “nilidhani haina kitu” huanzia hapo. Kwa hiyo baada ya kulitoa bomba, wenzo huzungushwa mara kadhaa mtutu ukielekezwa kwenye ukuta wa udongo, kisha chemba huangaliwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Wakati wa masomo ya mwanzo mwalimu huweka risasi moja tu kila mara. Kwa sababu hiyohiyo Ithaca 49, bunduki ya risasi moja iliyouzwa kwa vijana wa Marekani miaka ya 1960 na 1970, bado inatafutwa ingawa inafanana na kitu cha kuchezea.

Je, bunduki ya wenzo ndiyo ya kuanzia? Ukweli ni kwamba kwa kujifunza ulengaji pekee, .22 ya komeo yenye risasi moja huwa rahisi na hupiga kwa usahihi zaidi. Mashindano ya Olimpiki ya mita 50 hutumia risasi ya .22, lakini hakuna anayeshindana humo kwa bunduki ya kikauboi. Faida ya wenzo ni kwamba mwanafunzi hurudi zoezini kwa hamu, na anayerudi ndiye anayejifunza.

Gharama ya kweli imo kwenye risasi. Boksi la kawaida lina risasi 50, na zoezi moja humaliza boksi moja bila shida. Mazoezi 20 ni risasi 1,000. Kabla ya kupenda bunduki ya kaliba fulani ni busara kujua kama risasi zake zinapatikana kihalali mahali mtu anapoishi, na kwa mfululizo, si mara moja. Bunduki ya bei rahisi isiyo na risasi ni gogo. Pamoja na risasi huja vizibo vya masikio na miwani, kwa kuwa mlio wa .22 hudhuru usikivu japo unaonekana mdogo. Mikono nayo huoshwa baada ya zoezi kabla ya kula, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi.

Risasi ikigoma, mtutu huendelea kuelekezwa kwenye shabaha kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kufungua wenzo, kwa kuwa unga wa ukingoni unaweza kuchelewa kuwaka. Kufyatua bunduki tupu mara kwa mara pia hakufai: katika baadhi ya aina pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Sheria, na hali ya Ilala

Nchini Tanzania umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Hakuna kinachoachwa nje kwa sababu ya udogo: .22 ni silaha kama nyingine na inahitaji leseni. Mwombaji haanzii dukani bali katika ofisi ya serikali ya mtaa wake. Maombi hupitia vikao vya ulinzi na usalama na kuingia polisi, ambako huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, ana sababu ya kueleweka na anajua kutumia silaha. Leseni hutaja silaha yenyewe na namba yake. Mwaka 2016 wamiliki nchini kote walitakiwa kuzipeleka silaha zao kuhakikiwa.

Sababu inayotolewa ina uzito. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeomba silaha kwa kawaida anafikiria fedha za mauzo na njia ya kurudi nyumbani usiku, na kwa hilo .22 ya wenzo si jibu. Walinzi wanaoonekana mbele ya benki na maduka ya jumla hubeba shotigani. Wala uwindaji wa wanyama wakubwa hauhusiki, kwa kuwa kanuni za Tanzania zinadai kaliba kuanzia .375 kwa wanyama kama tembo na nyati. Inabaki michezo ya shabaha, na mwanamichezo wa kweli huhitaji kwanza uwanja na mwalimu.

Ndani ya Ilala yenyewe hakuna mahali pa wazi pa kujaribia. Risasi ya .22 ndefu, inayodharauliwa kwa udogo wake, inaweza kusafiri maili moja na nusu, yaani karibu kilomita 2.4. Umbali huo unazidi ule wa kutoka Soko la Kariakoo hadi Sanamu ya Askari, na katikati yake kuna maduka, madaladala, shule na maelfu ya watu barabarani. Kuipiga hewani wakati wa harusi au mkesha wa mwaka mpya ni kuiacha idondoke mahali asipopajua mpigaji. Kwa hiyo mafunzo hufanyika kwenye viwanja vilivyotengwa nje ya katikati ya jiji, chini ya usimamizi, na anayeanza hufaidika kutumia silaha ya uwanjani kwa miezi kadhaa kabla ya kuamua kama anahitaji yake. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba hawahitaji.

Makazi nayo yana neno lake. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mmoja na wapangaji sita, au ghorofa ambamo vyumba vya kuishi vimekuwa stoo za bidhaa, mahali pa kuficha bunduki hapapo. Kuna mahali pa kuifungia tu. Hilo ni kabati la chuma lililofungwa ukutani, risasi zikiwa mahali pengine kwa ufunguo tofauti. Gharama ya kabati hilo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hewa ya pwani huongeza kazi. Chumvi na unyevu hutia kutu ndani ya mtutu na kwenye skrubu za wenzo, hasa wakati wa masika. Bunduki hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi baada ya kila kuguswa, na haihifadhiwi ndani ya ala ya ngozi au mfuko wa sponji unaonyonya unyevu. Bunduki nyingi za wenzo haziruhusu ufito wa kusafishia kuingia kutoka nyuma; ukiingizwa kwa mdomoni, hukwaruza mwisho wa mifuo na kupunguza usahihi. Kamba laini ya kuvuta kutoka chemba kuelekea mdomoni ni bora na ni rahisi kuipata. Marlin 39A ina nafuu hapa, kwa kuwa hufunguka vipande viwili kwa skrubu moja inayogeuzwa kwa sarafu.

Leseni ni ya mtu, haiambatani na nyumba. Mwenyewe akifariki, familia hutakiwa kuikabidhi silaha polisi, na mrithi anayeitaka huanza maombi upya kwa jina lake. Bunduki inayobaki kabatini kwa heshima ya marehemu huwa silaha isiyo na leseni, hata kama yeye aliimiliki kihalali kwa miaka mingi. Katika vipindi vya msamaha vilivyotangazwa na serikali katika miaka ya 2020, waliosalimisha silaha kwa hiari hawakushtakiwa kwa kuwa nazo.